Hisia za Mgeni Mahali pa Kutafuta Siha: Mambo Yanayoziunda na Wajibu wa Mchungaji

1. Utangulizi

Tangu zamani mwanadamu amesafiri mbali akitafuta afya. Amekwenda kwenye chemchemi za maji moto, kwenye hewa baridi ya milimani, kwenye upepo wa bahari, na kwenye nyumba za watu waliosifiwa kuwa na karama ya kuponya. Siku hizi safari za namna hiyo zimekuwa sehemu kubwa ya biashara ya utalii. Mtu hulipa ili akae siku kadhaa mahali ambapo atakandwa mwili, atakula chakula chepesi, ataoga maji yenye madini, atakaa kimya, kisha atarudi nyumbani akijiona mtu mpya. Katika makala haya tutaziita safari hizo utalii wa siha, kwa maana anayesafiri huenda si mgonjwa wa kulazwa hospitalini, bali ni mtu anayetafuta uzima wa mwili na utulivu wa moyo kwa pamoja.

Swali letu ni hili: ni mambo gani yanayounda hisia za mgeni afikapo mahali kama hapo? Kwa nini wageni wawili walale nyumba moja, waoge maji yale yale na kula meza moja, kisha mmoja arudi kwao akishukuru kwa machozi na mwingine arudi akinung'unika?

Hapana budi kusema mapema kwamba swali hili si la wenye mahoteli peke yao. Kanisa letu lina nyumba za wageni na vituo vya mafungo. Isitoshe, mwaka 2011 Wakristo wetu kwa maelfu, pamoja na Waislamu na watu wasio na dini, walifunga safari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, ili wanywe kikombe kutoka kwa mchungaji mstaafu wa Kanisa letu. Wengi walirudi na furaha kuu. Baadhi yao, kwa sababu ya furaha hiyo, walifanya maamuzi yaliyogusa uhai wao. Mchungaji asiyeelewa furaha ile ilitoka wapi hawezi kumshauri mtu wa namna hiyo vema.

Tutachunguza mambo matano, yaani matarajio ya mgeni, mazingira ya mahali, wenyeji wanaompokea, wageni wenzake, na namna anavyoagwa. Baadaye tutapima uhusiano uliopo kati ya kujisikia vizuri na kupona, na mwisho tutaonyesha yale yanayompasa mchungaji.

2. Matarajio anayokuja nayo mgeni

Jambo la kwanza huanza kabla ya safari. Mgeni hafiki akiwa mtupu. Huja na picha aliyojengewa na masimulizi ya jirani, na matangazo, na shida yake mwenyewe, nayo picha hiyo ndiyo kipimo atakachokitumia kupimia kila atakachokiona.

Habari ya Naamani katika 2 Wafalme 5 yatuonyesha jambo hili waziwazi. Mkuu huyu wa jeshi la Shamu alifunga safari ndefu akiwa na fedha, dhahabu, mavazi na barua ya mfalme. Alikwisha kupanga moyoni mwake jinsi atakavyopokelewa: nabii angetoka nje, angesimama, angeliitia jina la Mungu wake na kupunga mkono mahali penye ugonjwa. Badala yake alitumiwa mjumbe, akaambiwa akaoge katika Yordani. Alikasirika sana, akaulinganisha mto ule na mito ya Dameski. Tuangalie vizuri: maji ya Yordani hayakuwa na kosa, na tiba ilikuwa ile ile kabla na baada ya hasira yake. Hasira ilizaliwa na umbali uliokuwapo kati ya alichokitazamia na alichopewa. Watumishi wake ndio waliomsaidia kuutazama upya mpango wake.

Hata jina la mahali hujenga matarajio. Karibu na Boma Ng'ombe, mkoani Kilimanjaro, iko chemchemi nzuri ya Kikuletwa ambayo watu wengi huiita Chemka. Wageni huambiwa kwamba wanakwenda kwenye maji moto. Wafikapo huyakuta maji safi kabisa yanayobubujika chini ya mizizi ya miti, lakini si ya moto. Aliyekuja kwa ajili ya maji moto aweza kuvunjika moyo mbele ya uzuri huo huo unaomshangaza mwingine ambaye hakuambiwa lolote.

Nguvu ya matarajio imechunguzwa pia na wataalamu wa tiba. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliohusu wagonjwa 80 wenye maradhi ya utumbo yanayoumiza tumbo mara kwa mara. Baadhi yao walipewa vidonge visivyo na dawa yoyote, na wakaambiwa wazi kwamba havina dawa, ila walielezwa pia kwamba vidonge vya namna hiyo vimeonekana kuwasaidia watu. Wengine hawakupewa kidonge, ingawa walionana na watabibu kwa kiasi kile kile. Baada ya majuma matatu, asilimia 59 ya waliopewa vidonge walisema wamepata nafuu ya kutosha, hali wale wengine ni asilimia 35 tu. Kwa hiyo tusidhani kwamba matarajio ni ujinga wa watu wasiosoma. Ni sehemu ya umbile la mwanadamu, na msomi anayo kama asiyesoma.

Gharama na ugumu wa safari navyo huongeza matarajio. Aliyetoka mbali, akauza mbuzi ili apate nauli, akalala ndani ya gari siku kadhaa kwenye barabara ya vumbi, hawezi kwa urahisi kusema kwamba hakupata kitu. Kusema hivyo ni kukiri kwamba mateso yote yalikuwa bure. Moyo wake humsukuma kukiona alichokifuata.

3. Mazingira ya mahali

Jambo la pili ni mahali penyewe: miti, maji, sauti, harufu, mwanga, usafi wa chumba. Watu wa kale walilijua hili pasipo kulichunguza. Mwaka 1984 Roger Ulrich alilipima kwa hesabu. Alichukua kumbukumbu za wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, kati ya mwaka 1972 na 1981. Nusu yao walilazwa katika vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti, na nusu katika vyumba ambavyo dirisha lilitazama ukuta wa matofali. Wale waliotazama miti walikaa hospitalini muda mfupi kidogo zaidi, walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache, na wauguzi waliandika maneno machache zaidi kuhusu manung'uniko yao. Vyumba vilikuwa karibu vya namna moja; tofauti ilikuwa dirisha.

Wataalamu wengine wawili wa Marekani, Rachel Kaplan na Stephen Kaplan, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1989 sababu mojawapo. Kazi za kila siku hutulazimisha kukaza mawazo, na mawazo yaliyokazwa muda mrefu huchoka, mtu akawa mwepesi wa hasira na mzito wa kuamua. Vitu kama mawingu, majani yanayotikisika na maji yanayotiririka huvuta macho bila kumdai mtu nguvu, na hapo nguvu ya mawazo hupata nafasi ya kurudi. Ndiyo maana mtu huweza kuketi kando ya mto saa nzima bila kufanya kitu, akaondoka akiwa na nguvu kuliko aliyelala usingizi wa mchana.

Lakini mazingira hayasemi na watu wote kwa lugha moja. Kimya cha msituni ambacho mgeni kutoka mji mkubwa wa Ulaya hukilipia fedha nyingi, kwa mtu aliyewahi kukimbia vita na kujificha porini chaweza kuwa kimya cha kutisha. Mtu aliyekulia kijijini, aliyechota maji mtoni tangu utoto, huenda asione ajabu yoyote katika mto. Yeye hupumzika zaidi penye umeme, maji ya bomba na mtu mwingine wa kupika. Mazingira huleta hisia kwa kupitia maisha ambayo mgeni amekwisha kuyaishi.

4. Wenyeji

Jambo la tatu ni watu wanaompokea mgeni. Hapa historia ya Kanisa la Kilutheri inao mfano unaostahili kujulikana zaidi katika vyuo vyetu.

Johann Christoph Blumhardt, aliyezaliwa mwaka 1805, alikuwa mchungaji wa kijiji cha Möttlingen katika Württemberg, Ujerumani. Kati ya mwaka 1842 na 1843 alimhudumia kwa maombi msichana mmoja wa usharika wake, Gottliebin Dittus, aliyekuwa katika mateso makali. Alipofunguliwa, watu walianza kumiminika Möttlingen kutoka pande zote, hata wakuu wake mwaka 1846 wakamkataza kuifanya huduma ya kuponya kuwa sehemu ya kazi yake ya uchungaji. Mwaka 1852 Blumhardt alinunua nyumba ya Bad Boll, ambayo zamani ilikuwa mahali pa kuogea palipojengwa na mtawala wa Württemberg mwishoni mwa karne ya 16 kwa sababu ya chemchemi yake yenye salfa. Basi nyumba iliyojengwa kwa ajili ya utalii wa siha ikawa nyumba ya uchungaji, naye akaishi humo na kuwapokea wageni mpaka kufa kwake mwaka 1880.

Maji ya salfa yalikuwapo kabla ya Blumhardt, lakini wageni waliokuja wakati wake hawakuvutwa na maji hasa. Walivutwa na jamaa iliyokuwa ikiishi mle: maombi ya asubuhi na jioni, meza ya pamoja ambapo watu wa vyeo mbalimbali walikula na mwenye nyumba, na mchungaji aliyekuwa na nafasi ya kumsikiliza mtu. Gottliebin mwenyewe alikuwa mmoja wa jamaa hiyo, akihudumu humo mpaka alipofariki mwaka 1872. Mtu aliyewahi kuteswa sasa aliwapokea wanaoteswa.

Katika biashara ya siku hizi mapokezi yamekuwa bidhaa. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alichapisha kitabu juu ya wahudumu wa ndege, akaonyesha kwamba watu hao hulipwa mshahara ili pia wazitawale hisia zao wenyewe: watabasamu wakiwa wamechoka, wawe wapole wakiwa wametukanwa. Kazi hiyo ya moyo, alisema, ina gharama kwa anayeifanya. Yafaa tulikumbuke jambo hili. Msichana anayemkanda mgeni katika hoteli ya pwani, au kijana anayempokea kwa nyimbo langoni, huenda ameacha mtoto mgonjwa nyumbani. Utulivu wa mgeni mmoja umejengwa juu ya jitihada ya mtu mwingine. Kanisa linapokuwa na nyumba ya wageni, swali la mshahara na mapumziko ya wahudumu wake si la utawala tu. Ni la kitheologia.

Methali yetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Utalii wa kisasa umeigeuza: mgeni ndiye ajaye ili apone. Lakini hekima ya wazee yabaki kuwa kweli, kwamba mapokezi mema huwagusa wote wawili, na penye mwenyeji asiyepona, mgeni naye hapati pumziko la kweli.

5. Wageni wenzake

Jambo la nne husahauliwa mara nyingi. Hisia huambukizwa. Mgeni huzitazama nyuso za wenzake ili ajue namna ya kujisikia.

Huko Lourdes, Ufaransa, ambapo Wakatoliki wamekuwa wakisafiri tangu mwaka 1858 kwa ajili ya ushuhuda wa binti Bernadette Soubirous, wagonjwa huja kwa wingi kila mwaka. Kanisa Katoliki lenyewe, pamoja na madaktari wanaochunguza habari za watu waliopona, limetambua miujiza isiyofika mia moja katika muda wa zaidi ya miaka 160. Hata hivyo wagonjwa huendelea kurudi, na wengi wao hurudi kwa furaha bila kuponywa. Sababu mojawapo ni nafasi wanayopewa. Nyumbani mwenye kiti cha magurudumu hukaa pembeni, akawa mzigo na jambo la kuonewa aibu. Huko hutangulizwa mbele ya maandamano, na wenye afya humsukuma na kumhudumia kwa kujitolea. Kwa siku chache yeye si mtu wa pembeni. Mlutheri aweza kutokubaliana na mambo mengi ya ibada ile, lakini asipoliona jambo hili atakuwa amepitwa na somo.

Kinyume chake ni habari ya birika ya Bethzatha katika Yohana 5. Pale napo palikuwa na maji, na matao matano, na umati wa wagonjwa. Lakini umati ule ulikuwa wa washindani. Mtu aliyekuwa hawezi kwa miaka 38 hakulalamikia maji; alilalamikia kutokuwa na mtu wa kumtia birikani, na kutanguliwa na wengine. Mahali pale pale pa kuponea palikuwa pamemzidishia upweke. Kwa hiyo wingi wa watu peke yake hauleti faraja. Kinachotofautisha ni kama mgonjwa mwenzako ni ndugu au ni mshindani.

Samunge palikuwa na mambo yote mawili. Katika msururu wa magari uliofika kilomita nyingi, watu wasiojuana waligawana maji na chakula, wakaombeana na kusimuliana habari za waliopona. Waziri na mkulima walikunywa kikombe cha aina moja kwa bei moja ya shilingi 500. Usawa huo, ambao hauonekani mara nyingi katika huduma za afya, ulikuwa wenyewe chanzo cha furaha. Lakini masimulizi yale yalikuwa na upande mmoja: aliyejisikia vizuri alisimulia, aliyezidiwa hakusimulia, na aliyefia njiani hakuwa na sauti.

6. Namna mgeni anavyoagwa

Jambo la tano ni mwisho. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio lililohusu watu 32. Kila mmoja alitia mkono katika maji baridi ya nyuzi 14 za sentigredi kwa sekunde 60. Wakati mwingine alitia mkono kwa sekunde 60 hizo hizo, kisha akaongezewa sekunde 30 ambamo maji yalipashwa moto kidogo tu mpaka nyuzi 15, bado yakiuma. Walipoulizwa ni lipi wangependa kulirudia, asilimia 69 walichagua lile refu, ambalo kwa hesabu lilikuwa na maumivu mengi zaidi. Kumbukumbu haikuhesabu sekunde. Ilishika kilele cha maumivu na jinsi yalivyokwisha.

Wenye mahoteli wanalijua hili, ndiyo maana humpa mgeni zawadi siku ya kuondoka. Ibada yetu nayo imelijua tangu kale, kwa kuwa haimwachi mtu aondoke pasipo baraka. Mtu aliyekuja kwenye mafungo akakaa siku tatu za taabu ya moyo, kisha akaagwa kwa jina lake na kuombewa, atazikumbuka siku zile kwa namna nyingine kabisa na yule aliyeachwa afungashe mizigo peke yake na kudaiwa hesabu mlangoni.

7. Kujisikia vizuri si sawa na kupona

Sasa tumefika mahali penye uzito. Ikiwa hisia huundwa na matarajio, mazingira, wenyeji, wenzake na mwisho wa safari, basi hisia zaweza kuwa za kweli kabisa na bado zisituambie lolote kuhusu ugonjwa.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, mwaka ule ule wa Samunge, walionyesha jambo hili kwa wagonjwa wa pumu. Michael Wechsler, Kaptchuk na wenzao waliwapa wagonjwa wale wale, kwa nyakati tofauti, dawa halisi ya kuvuta, kifaa cha kuvuta kisicho na dawa, na sindano za bandia za Kichina; mara nyingine hawakuwapa kitu. Walipoulizwa wanajisikiaje, wagonjwa walisema wamepata nafuu karibu sawasawa kwa zile tatu za kwanza. Lakini mapafu yao yalipopimwa kwa chombo, dawa halisi iliongeza nguvu ya kupumua kwa asilimia 20, hali zile nyingine pamoja na kutopewa kitu ziliongeza kama asilimia 7 tu. Mgonjwa hakuwa mwongo. Alijisikia vizuri kweli, na mapafu yake yalikuwa bado yamebana kweli.

Turudi Samunge. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki Julai 2021, alisema kwamba alionyeshwa dawa ile katika ndoto, na kwamba kikombe kimoja, kikitolewa kwa mkono wake, kingeponya magonjwa sugu kama UKIMWI, kisukari, saratani na pumu. Mizizi ya mugariga aliyoichemsha ilijulikana na waganga wa jadi hata kabla yake. Mambo yote tuliyoyataja yalikutana pale: ndoto iliyosimuliwa, safari ngumu, mandhari ya pekee, mzee mpole asiyetaka utajiri, usawa wa kikombe, umati wenye tumaini. Isingekuwa ajabu mtu kujisikia mwepesi baada ya kunywa. Ingekuwa ajabu kama asingejisikia hivyo. Lakini taarifa zilitolewa za watu walioacha dawa za kupunguza makali ya Virusi vya UKIMWI kwa kuamini wamekwisha kupona, na za wagonjwa walioondolewa hospitalini ili wapelekwe huko, wakafariki njiani. Baadhi ya viongozi wa makanisa waliunga mkono hadharani, wengine walionya. Washarika wengi walibaki wakiuliza wachungaji wao, na wachungaji wengi hawakuwa na la kuwajibu ila kunyamaza.

Hapa theologia yetu ina neno. Katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, Luther alitofautisha theologia ya utukufu na theologia ya msalaba. Ile ya kwanza huichukua furaha inayoonekana kuwa ushahidi kwamba Mungu yupo, na huzuni kuwa ushahidi kwamba hayupo. Ile ya pili haithubutu kupima hivyo, kwa kuwa imemwona Mungu msalabani, mahali ambapo hisia zote zilisema hayupo. Kwa sababu hiyo Mlutheri haitii hisia pingu, wala haivishi taji. Anayesema kwamba amefarijika tunafurahi pamoja naye. Anayesema kwamba kwa kuwa amefarijika basi virusi vimeondoka, huyo hatuna budi kumzuia kwa upendo.

Mwana wa Blumhardt, Christoph Friedrich, aliyeirithi Bad Boll, alikutana na tatizo lili hili. Watu waliendelea kumjia kwa ajili ya uponyaji. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 alianza kujitenga na mikutano ya namna hiyo, kwa kuwa aliona watu wanautafuta uzima wao wenyewe na kuusahau Ufalme wa Mungu. Hakukana kwamba Mungu huponya. Alikataa kuigeuza nyumba ile kuwa soko la hisia njema. Baadaye alijiunga na chama cha wafanyakazi, akawa mbunge wa Württemberg kuanzia mwaka 1900 hadi 1906, akisema kwa kitendo hicho kwamba afya ya maskini inahusu pia mishahara na makazi yao.

8. Yampasayo mchungaji

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, mchungaji amwulize msharika anayetaka kusafiri kutafuta uzima: Unatazamia nini? Swali hili moja, likiulizwa kwa upole na kusikilizwa kwa subira, hufunua hofu nyingi. Likiulizwa mapema, hupunguza hasira ya Naamani na kuvunjika moyo kwa baadaye.

Pili, mchungaji asidharau hisia za aliyerudi. Kumwambia kwamba amedanganywa ni kumfunga mdomo, naye hatarudi tena kuuliza. Amshukuru Mungu pamoja naye kwa faraja aliyoipata, kisha amwombe kwa dhati aendelee na dawa zake mpaka daktari atakapompima. Damu, sukari na makohozi hupimwa. Havikisiwi kwa furaha. Kufanya hivyo si upungufu wa imani, kwa maana vipimo na dawa navyo ni vipawa vya Muumba.

Tatu, vituo vyetu vya mafungo vijichunguze. Je, mgeni hupokelewa na mtu au na daftari la mapato? Je, miti iliyopandwa na wazee bado ipo, au imekatwa ili kupata nafasi ya kuegesha magari? Je, wagonjwa na walemavu hukaa mbele au nyuma? Je, wahudumu wenyewe hupata Sabato yao? Mambo haya hayahitaji fedha za wafadhili.

Nne, tusitumie maarifa haya kuwachezea watu. Mtu akishajua kwamba muziki, umati, giza na taa, ushuhuda wa upande mmoja na safari ya gharama vyaweza kumtoa mtu machozi, yuko karibu sana na jaribu la kuvitumia ili ajaze sadaka. Kipimo ni kimoja: je, ningeweza kumweleza mgeni waziwazi ninachokifanya na kwa nini? Wagonjwa wa Kaptchuk waliambiwa ukweli, na bado walipata nafuu. Faraja, basi, haihitaji uongo.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba hisia za mgeni hazitoki katika maji wala katika majani peke yake. Huundwa na picha anayokuja nayo, na dirisha analotazama, na mkono unaompokea, na nyuso zinazomzunguka, na neno la mwisho analoambiwa akiondoka. Hisia hizo ni za kweli, zastahili heshima, na zaweza kumsaidia mtu kuubeba ugonjwa wake. Lakini haziwezi kubeba uzito wa hukumu kwamba amepona, wala kwamba Mungu amemkubali.

Samunge hapatakuwa pa mwisho. Kesho patazuka mlima mwingine, chemchemi nyingine, au nabii mwingine mwenye maji ya chupa, na washarika wetu watatuuliza kama waende. Anayejiandaa sasa kwa ajili ya ukasisi hana budi kuwa na jibu lililo zaidi ya ndiyo au hapana. Na kwa yule asiyeweza kusafiri popote, aliyelala kwenye kitanda cha kamba bila dirisha la kutazama miti, mchungaji akumbuke kwamba karibu kila jambo tulilolichunguza laweza kupelekwa nyumbani kwake: mtu wa kumsikiliza, wenzake wa kuomba naye, nafasi ya kwanza badala ya ya mwisho, na baraka wakati wa kuagana. Nauli yake ni miguu ya mchungaji.